Nyumba ya Mafiga Madogo

Wajukuu wamejenga tena nyuma ya jiko langu. Kila mwaka, mavuno yakikaribia na matete yakikauka vizuri, wanafanya hivyo hivyo, na kila mwaka nasema nitawakataza, kisha nachoka kabla sijafungua mdomo. Wamesimamisha vijiti, wamefunga matete kwa kamba za migomba, wameezeka kwa nyasi walizochomoa kwenye paa langu wakidhani sioni. Ndani wameweka mafiga matatu ya udongo wa kichuguu, kibuyu cha maji, na mtoto wa gunzi aliyefungwa kitambaa. Hiyo ndiyo nyumba yao, na mjukuu wangu mkubwa wa kike ndiye mama mwenye nyumba.

Wakinilazimisha nipige hodi, napiga. Wananikaribisha. Halafu nawauliza, "Mna nini ndani?" nao wanajibu kwa pamoja, kama nilivyowafundisha, "Hakuna kitu, bibi." Mama zao hawapendi. Wanasema nawafundisha watoto uchoyo, na kwamba mtoto anayejibu hivyo mbele ya mgeni ataonekana hakulelewa. Wana haki ya kusema. Mimi sina nguvu tena ya kubishana na wakwe. Lakini masista wa misheni walinifundisha kuandika nikiwa msichana, na mkono bado unanitii asubuhi kabla jua halijawa kali. Basi nitaandika jibu hilo lilikotoka, wasome wenyewe wakitaka.

Tulikaa bondeni, mwendo wa nusu siku kutoka Ifakara, upande wa Idete, katika kijiji cha nyumba nane. Mto Kilombero ulipofurika, maji yalifika karibu na vizingiti, tukawa tunakwenda shambani kwa mtumbwi. Tulilima mpunga, tukavua kambale, na baba alikwenda porini kugema mpira akawauzia wafanyabiashara waliopita. Ndiko alikopata chumvi aliyoleta nyumbani, na maneno ya Kiswahili pamoja nayo. Nyumbani tulikuwa mama, baba, mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya, na bibi mzaa baba.

Kwetu msichana akishaweza kubeba mdogo wake mgongoni bila kumwangusha, bibi yake humjengea nyumba. Sijui kama kila kijiji kilifanya hivyo. Pengine ilikuwa kwa bibi yangu tu, kwani alikuwa mtu wa taratibu nyingi. Aliijenga yangu kwa mikono yake, kando ya nyumba ya mama, na paa lake lilimfika mtu mzima kiunoni. Alinifinyangia chungu cha ukubwa wa ngumi. Baba akanichongea kigoda. Baadaye sana, masista walipotukusanya misheni, walikuwa na jina lao kwa kitu cha namna ile: nyumba ya michezo. Nililiandika kwenye kibao kama walivyotaka, lakini halikuniingia. Sisi tuliiita nyumba, basi. Na bibi alipoulizwa mtoto anafanya nini mle ndani, hakusema anacheza. Alisema anajifunza kukaa.

Na kujifunza kukaa kulikuwa kazi. Bibi alikuja wakati wowote aliotaka, akasimama mbele ya mlango wangu na kupiga hodi kwa sauti ya mgeni kabisa, kana kwamba si yeye aliyenifuta kamasi asubuhi ile. Nilipaswa kuacha kila kitu nikajibu karibu. Nimpe kigoda. Nimpe maji. Halafu aliuliza, "Mna nini ndani?" nami nilipaswa kutaja kila kilichomo. Mgeni asiyejua nyumba ina nini, alisema, hajui aombe nini wala asiombe nini, na mwenye nyumba anayemficha anamdharau. Nikisahau kutaja hata chumvi, aliinuka akaondoka, na siku hiyo hakunisemesha mpaka jioni. Nilimwogopa kuliko mamba wa mtoni.

Alinifundisha pia mambo ya mbegu. Mpunga wa kula unakaa ghalani, lakini wa mbegu unawekwa uchagani, juu ya mafiga, moshi uupitie kila siku ili wadudu wasiuguse na unyevu usiushike. Alinishika mkono akautumbukiza katika mbegu nzuri, akaniambia nisikilize ubaridi wake. Mbegu iliyo hai ina baridi, alisema. Siku utakayotia mkono ukakuta joto, ujue inakufa, na hapo usingoje kuambiwa na mtu. Ianike. Kama hakuna jua, iwekee moto mdogo wa moshi, uigeuze geuze mpaka ipoe na kukauka. Hayo niliyashika kuliko sala nilizofundishwa baadaye, Mungu anisamehe.

Bibi alikufa wakati wa baridi, kabla ya vita. Nimewahi kumshukuru Mungu kwa hilo, maana yaliyofuata hayakuwa na taratibu hata moja aliyoijua.

Vita vilitufikia kwanza kama habari tu. Watu walisema kuna dawa ya maji, ukiinywa risasi ya Mjerumani inageuka maji. Baba alikunywa pamoja na wanaume wote wa kijiji. Nilimwona akinywa, akakunja uso kama mtu anayekunywa dawa ya tumbo. Sidhani kama aliamini sana. Alikuwa amechoka na kodi, amechoka kubebeshwa mizigo ya boma, amechoka kuitwa kufyeka njia ya serikali siku zile zile za kupanda. Mtu akichoka namna ile hunywa chochote anachopewa. Walikwenda upande wa Mahenge, na hakurudi hata mmoja. Habari ya vifo vyao hatukuletewa. Siku zilipita tu, wanawake wakaanza mmoja mmoja kuacha kutazama njia.

Waliokuja badala yao ni askari wa Wajerumani, na hawakuja kupigana, kwani hapakuwa na mtu wa kupigana naye. Walikuja kuchoma. Walikuwa watu weusi kama sisi, waliotoka mbali, na Mzungu wao alibaki njiani na wapagazi. Walichukua mpunga, na ule walioshindwa kuubeba waliutia moto pamoja na nyumba. Tuliona moshi upande wa mashariki, siku mbili baadaye tukauona karibu zaidi. Watu wa kijiji chetu walivuka mto wakajificha kwenye matete. Sisi hatukuvuka. Mdogo wangu alikuwa na homa, na mama alisema mbu wa kule usiku watammaliza.

Chakula chetu kilikuwa kimekwisha kuliwa na wapiganaji waliopita. Kilichobaki ni mbegu, kilindo kimoja cha gome la mti kilichojaa mpunga, na mama alikuwa amekizika chini ya sakafu ya jiko. Halafu mwanamke mmoja aliyepita akikimbia akatuambia kwamba askari wanachomachoma sakafu kwa vyuma, na wakikuta udongo laini wanafukua. Mama hakulala vizuri tangu hapo. Asubuhi moja alikifukua, akasimama nacho kichwani katikati ya uwanja, akitazama huku na huku kama mgeni aliyepotea njia. Kisha akainama akakiingiza katika nyumba yangu.

Alikilaza kwa ubavu, akatandika juu yake kipande cha jamvi, akawapanga watoto wangu wa magunzi hapo juu. Kikawa kitanda. Mtu angetazama ndani asingeona kitu ila upuuzi wa watoto.

"Hili ndilo shamba letu," mama aliniambia, akiwa amepiga magoti mlangoni kwangu. "Chakula hakuna, tutakula mizizi. Hii ikipotea, mvua zikija hatuna cha kupanda, na wewe na mdogo wako mtakufa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na mchana usiwashe moto. Moshi unawaita."

"Nimesikia."

Nilikuwa nimesikia kweli. Kwa miaka mingi nilijaribu kujidanganya kwamba pengine sikusikia vizuri, mtoto ni mtoto. Hapana. Nilisikia kila neno.

Siku ya nne mama alikwenda kinamasini kuchimba mizizi ya mayungiyungi, mdogo wangu mgongoni. Mawingu yalikuwa yamefunga, na manyunyu yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo, mvua za kwanza zikijaribu. Niliingia katika nyumba yangu kwa sababu sikutaka kukaa peke yangu katika nyumba kubwa. Nikalaza kichwa juu ya kile kitanda, kando ya watoto wangu. Nikasikia joto shavuni.

Nilidhani ni joto langu mwenyewe. Nikaondoa jamvi, nikafungua kilindo, harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Kule shimoni kilikuwa kimenywa unyevu. Nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko, na ndani kabisa mpunga ulikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa.

Nilikaa muda mrefu pale, nataka jambo hili lijulikane. Sikukurupuka. Mama alikuwa amenikataza moto. Bibi alikuwa ameniambia nisingoje kuambiwa. Jua halikuwepo, na hata lingekuwepo, nisingethubutu kuanika mpunga uwanjani uonekane na apitaye njiani. Kumfuata mama sikuweza. Kinamasi ni kikubwa na sikujua ameingilia wapi. Nilifikiri akirudi jioni itakuwa imekufa, nasi tutakufa, kama alivyosema mwenyewe. Basi nikaenda jikoni, nikafukua kaa moja chini ya majivu, nikalileta kwa kigae. Nilijenga uchaga wa matete juu ya mafiga yangu madogo, nikatandaza jamvi, nikamwaga mpunga juu yake, nikawasha moto mdogo sana. Nikawa nageuza kwa vidole, kama nilivyofundishwa. Nilifanya kila kitu sawasawa. Bibi angeniona angefurahi.

Mpunga ulianza kupoa. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo. Nilijiona mama mwenye nyumba kwelikweli, mtu aliyeokoa jamaa yake, na nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia mama.

Moshi ulipita kwenye nyasi za paa ukapanda juu. Mimi nilikuwa ndani, sikuuona.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Nilisikia na sauti nyingine, mbali kidogo, na kitu kikivunjwa katika nyumba ya jirani. Nilijua ni akina nani. Lakini mtu alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu, mlango wenyewe ule mdogo, akapiga hodi kama anavyopiga mtu wa heshima, na kabla sijafikiri mdomo ukajibu.

"Karibu."

Aliinama akatazama ndani. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, macho mekundu kwa moshi wa nyumba za watu. Alipoona mafiga na watoto wa magunzi, uso wake ukalegea. Nilimsukumia kigoda. Alikaa nje juu ya kile kigoda, magoti yakamfika kidevuni, bunduki akailaza mapajani.

"Shikamoo, baba," nikasema, kwa Kiswahili cha baba yangu.

"Marahaba, mama. Nipe maji."

Nikampa katika chungu changu cha ukubwa wa ngumi. Alikunywa yote kwa mara moja, akacheka, akasema ahsante. Sijawahi kumsahau kwa kicheko kile. Ilikuwa ni sauti ya mtu aliyekwisha kuwa na watoto mahali fulani. Alikuwa amechoka. Ukimwona mtu amechoka vile, hata kama ni adui yako, mwili wako unamhurumia bila kukuuliza wewe.

Kisha akaniuliza, kwa mzaha tu, kama mtu mzima anavyomfuata mtoto katika mambo yake, "Haya, mama mwenye nyumba. Mna nini ndani?"

Nikamjibu. Nilitaja kwa mpangilio, kama bibi alivyotaka. Nilisema kuna maji, kuna chumvi kidogo, kuna watoto wawili wamelala. Na kuna mbegu, nikasema, naikausha.

Kicheko kikamtoka usoni polepole. Aliingiza mkono mlangoni, akachota mpunga uchagani, akautazama kiganjani. Haukuwa mchanga wala majani yaliyokatwakatwa kama vile watoto wanavyopikia. Mimi nilimtazama, na hapo ndipo nilipotambua nilichofanya, maana niliona anatambua na yeye.

Mwenzake akapaza sauti kutoka nyumba ya jirani, "Huko kuna kitu?"

Angeweza kusema hakuna. Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii. Aliniangalia mimi, akaangalia kiganja chake, akaangalia kule kwa mwenzake. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini kilitosha. Nadhani aliwaza mjeledi, au aliwaza tumbo lake, sijui.

"Kipo," akajibu.

Walikuja wawili na gunia. Waliinua jamvi kwa pembe zake wakamimina, na punje nyingine zikamwagika chini pembeni mwa mafiga, hawakujali. Mpunga uliolowana uliobaki mle kilindoni hawakuutaka. Yule wa kwanza alibaki nyuma wenzake wakiondoka. Aliinama tena mlangoni kwangu, na nikadhani ataniomba radhi.

"Kwa nini hukuniambia hakuna?" akaniuliza. Aliuliza kwa hasira, kama baba anayemkaripia mwanawe. "Mtoto gani wewe? Ungesema hakuna."

Halafu akaenda. Wakachoma nyumba zote nane. Yangu hawakuigusa, mmoja aliisogelea na kijinga cha moto na mwingine akamwambia aache, hiyo ni ya watoto. Bibi hakuwa amenifundisha hodi ya askari. Lakini yule mtu naye alinitwika mzigo ambao ulikuwa wake, na mpaka leo, katika uzee huu, nikimkumbuka nakasirika. Anilaumu mimi kwa kusema kweli, yeye aliyekuwa na mdomo mpana zaidi yangu.

Mama aliuona moto kutoka kinamasini. Alikuja anakimbia, mdogo wangu analia mgongoni, mizizi aliyoichimba ameiangusha njiani. Alinikuta nimekaa ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia yote, nikianzia kwenye joto la shavuni na kuishia kwa yule askari. Sikuficha kitu. Nilingoja anipige. Ningetaka anipige.

Hakunipiga. Alipiga magoti akaingia mpaka mabegani, akavuta kilindo. Chini kabisa kulikuwa na mpunga umebaki, kama ukufi mmoja. Aliutoa kiganjani, akang'ata punje moja kwa meno ya mbele, akaitazama ndani yake kwa muda. Kisha akatema pembeni.

"Imekufa hii," akasema. "Ilishakufa kule shimoni. Kosa langu mimi niliyeizika mahali pabichi. Wamebeba makapi, wacha wabebe."

Nilimtazama usoni. Hakupepesa macho.

"Hata ningerudi mapema tusingepata kitu," akaendelea. "Moshi wako haukupoteza chochote. Umenisikia? Shika."

Na ule ukufi uliobaki akaugawa, nusu akanipa mimi nusu akatia kinywani mwake. Tukatafuna na maganda yake, tumesimama kati ya nyumba zinazoungua. Ulikuwa na ladha ya moshi. Nilimwamini, kwa sababu hakuna mtu ambaye angekula mbegu iliyo hai siku ile.

Nyumba yangu ndiyo ikawa nyumba yetu. Mama alilinyanyua paa kwa nguzo zilizobaki na ncha nyeusi za moto, akasogeza kuta mbele, lakini mafiga hakuyahamisha, yakabaki yale yale madogo, kwani hatukuwa na chungu kikubwa cha kuyahitaji. Tulilala watatu tumekunja miguu. Majirani waliorudi kutoka ng'ambo wakajenga vibanda vidogo kama vyetu, na ukitazama kijiji kwa mbali ungedhani ni watoto wamejenga.

Juu ya njaa ile sitaki kusema mengi. Tulikula mizizi ya mayungiyungi mpaka ikaadimika, tukala majani, tukala kambale siku tulipobahatika, kwa kuwa nyavu ziliungua. Maziwa ya mama yalikauka. Mdogo wangu alianza kulia kwa sauti ndogo, kisha akaacha kulia, na siku alipoacha mama alijua. Tulimzika nyuma ya nyumba. Alikuwa ameota meno manne. Mama hakusema lolote juu ya mbegu siku ile, wala mimi, lakini nilikuwa najishikilia maneno yake wakati wote: imekufa, ilishakufa shimoni. Nilikuwa nayarudia nikitembea, nikichota maji, nikilala.

Mvua kubwa zikaanza. Paa lilivuja upande wa mafiga, hatukuwa na nguvu ya kuliziba. Asubuhi moja mama ameenda mtoni, mimi nikainama kuondoa majivu, nikaona kijani. Pale mpunga ulipomwagika, pembeni mwa mafiga, palikuwa pameota. Nilihesabu. Ilikuwa miche tisa, imesimama wima, ina afya kabisa.

Mtu mwenye njaa angepaswa kupiga kelele ya furaha. Mimi nilikaa chini. Kumbe haikuwa imekufa. Gunia zima lile lilikuwa hai, nami ndiye niliyelitaja kwa mdomo wangu, mbele ya mgeni, kwa adabu. Na nyuma ya ukuta ule, hatua tatu kutoka nilipokaa, mdogo wangu alikuwa amelala ardhini.

Nilichukua kigae cha chungu kilichovunjika nikaifunika ile miche. Sikutaka mama aione. Nilijiambia akiiona atajua kwamba nimempoteza mtoto wake. Sikuwa nimefikiri kwamba aliyeitazama punje ile ndani alikuwa ameshajua tangu siku ya moto, na ameila akijua.

Kesho yake niliamka nikamkuta hayupo. Kigae kilikuwa mahali pake, kimekaa vile vile nilivyokiweka, hata upande uliopasuka ulikuwa unatazama mlango. Nikakiinua. Chini yake kulikuwa na vishimo, udongo umebonyezwa vizuri kwa vidole juu ya kila kimoja. Miche haikuwepo.

Mama alirudi jua limepanda, matope yamemfika magotini.

"Tumebahatika," akaniambia, akinawa. "Nimekuta maotea yaliyojiotea yenyewe kwenye shamba la jirani, yule ambaye hakurudi. Nimeyahamishia kwetu, pale penye maji."

"Mangapi, mama?"

Akaendelea kusugua matope magotini. "Tisa," akasema.

"Tumebahatika," nikasema mimi.

Tukaenda kuitazama pamoja. Alikuwa ameizungushia ua wa matete, ua mrefu kwa shamba dogo namna ile, na msimu mzima mmoja wetu alikaa hapo kufukuza ndege, mvua au jua. Mpunga wa miche tisa ukiuvuna wote haujazi hata bakuli, na hatukuonja punje. Tuliupanda tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Mwaka wa nne tulipika. Mama alipoonja alilia, nami nikadhani analia kwa furaha, kisha nikaona anatazama nyuma ya nyumba.

Aliishi sana mama yangu. Nilipoolewa Ifakara alinipa kilindo cha mbegu ile, na watu walipoisifu alisema kila mara maneno yale yale, kwamba aliiokota kama maotea shambani kwa jirani. Nami nilikuwa nikiitikia, ndiyo, aliiokota, nilikuwepo. Mbegu hiyo hiyo ndiyo wanangu wanapanda hata sasa.

Alipozidiwa na ugonjwa nilimleta kwangu, nikamwekea kitanda karibu na jiko kwa ajili ya joto. Siku moja alasiri tulikuwa wawili tu. Watoto wangu wa kike, wadogo wakati huo, walikuwa wamejenga nje, tukisikia wakipigiana hodi na kukaribishana. Nilikuwa nimechoka kubeba lile neno miaka yote, nikaona akiondoka nalo sitapata tena mtu wa kumwambia.

"Mama," nikasema, "ile miche tisa niliiona mimi kwanza. Kigae nilikiweka mimi."

Alifumbua macho. Alinitazama vile vile alivyonitazama siku ile akiwa na punje kati ya meno, bila kupepesa.

"Ilikuwa ya jirani," akasema.

Nikamshika mkono. Ulikuwa na baridi.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ilikuwa ya jirani."